Baba kalazwa, daktari wake haonekani: huyu anayemtibu wodini ni nani?

Swali: Baba yetu ana miaka 74, ana kisukari na presha. Leo ni siku ya tano amelazwa kwa nimonia. Daktari wake wa kliniki, aliyemtibu zaidi ya miaka kumi, hajafika hata mara moja. Anatibiwa na daktari wa hospitali tusiyemjua, na leo asubuhi amekuja mwingine tena. Baadhi ya dawa zake za nyumbani zimesimamishwa. Tangu juzi usiku anaongea vitu visivyoeleweka, ila mchana ametulia, analala tu. Tumeambiwa daktari huyo ni "hospitalisti". Ni daktari wa aina gani, ana mamlaka gani juu ya matibabu ya baba, na sisi watoto wake tufanye nini?

Jibu: Poleni kwa kuuguza. Nianze na hilo la usiku, kwa sababu haliwezi kungoja maelezo marefu.

Mzee aliyekuwa na akili timamu nyumbani, kisha akachanganyikiwa ghafla akiwa wodini, usiku anahangaika na mchana analala, mara nyingi ana hali inayoitwa deliriamu. Si wazimu, na wala uzee haumjii mtu kwa siku mbili. Ni ishara kwamba kuna kitu mwilini kinausumbua ubongo: oksijeni imeshuka, sukari imeshuka au imepanda, maambukizi hayajadhibitiwa, kibofu kimejaa, hajapata choo kwa siku kadhaa, ana maumivu, au amepewa dawa isiyomfaa mtu wa umri wake, hasa za usingizi na baadhi ya dawa za mzio. Mwambieni daktari wa wodi leo hii, msingoje kesho: "Baba hakuwa hivi nyumbani. Imeanza juzi usiku." Daktari aliyemwona kwa mara ya kwanza leo asubuhi hana namna ya kujua kama mzee huyu husahausahau siku zote au la. Ninyi mnajua. Na msidanganyike na utulivu wake wa mchana. Deliriamu ya kimya ndiyo inayopitwa na wengi, maana mgonjwa asiyesumbua hakuna anayemwitia daktari.

Daktari atapima sukari na oksijeni, atachunguza kibofu na tumbo, atapitia chati ya dawa moja baada ya nyingine, na huenda akarudia vipimo vya damu. Upande wenu, mpelekeeni miwani yake na kifaa cha kusikia kama anatumia, pazia liwe wazi mchana, akae kwenye kiti wakati wa kula, na mmoja anayemfahamu vizuri akae naye jioni amkumbushe yuko wapi na ni siku gani. Dawa za kumtuliza huwekwa akiba kwa mgonjwa anayeweza kujidhuru au kumdhuru mwingine. Zikitolewa ovyo huongeza hali ileile inayotibiwa.

Sasa huyo hospitalisti. Ni daktari ambaye kazi yake kuu ni kutibu wagonjwa waliolazwa. Hana kliniki ya kurudi mchana, na hana orodha ya wagonjwa wa kudumu. Wengi wao wamesomea magonjwa ya ndani ya watu wazima, na wapo pia wa watoto. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 1996, katika makala ya madaktari Robert Wachter na Lee Goldman wa Marekani. Miaka 20 baadaye nchi hiyo peke yake ilikuwa na hospitalisti zaidi ya 50,000. Hakuna fani ya udaktari iliyowahi kukua kwa kasi hiyo huko.

Sababu ya kukua kwake ni rahisi kuielewa. Zamani daktari wako wa kliniki ndiye aliyekufuata wodini. Alipita alfajiri kabla ya kufungua kliniki, akapita tena jioni akiwa amechoka. Mgonjwa akizidiwa saa 8 mchana, nesi alipiga simu, na daktari aliamua akiwa mbali, bila kumwona mgonjwa. Mpango huo ulifaa enzi ambazo mtu alilazwa wiki mbili apumzike. Siku hizi wanaolazwa ni wagonjwa zaidi, wana magonjwa matatu manne kwa pamoja, na hali yao hubadilika kwa saa. Wanahitaji daktari aliye jengoni, anayejua maabara inachelewesha kipimo gani na ni nani wa kumsukuma ili picha ya kifua ipigwe leo.

Kwa hiyo daktari wa kliniki kutokuja si kumtelekeza baba. Ndivyo kazi ilivyogawanywa. Mnachotakiwa kuuliza ni hiki: "Mmeshazungumza naye?" Mkijibiwa bado, wapeni namba yake. Simu ya dakika tano kati ya madaktari hao wawili ina thamani kuliko faili lote, maana huyo wa kliniki anajua figo za baba zilikuwaje mwaka jana, dawa gani ilimletea shida, na kama kikohozi hiki ni kipya au cha siku nyingi.

Kuhusu mamlaka: hospitalisti ndiye mwenye jukumu la mgonjwa mzima. Hafanyi upasuaji. Hasimamii chumba cha wagonjwa mahututi, ingawa katika hospitali ndogo humlazimu. Bingwa wa moyo au wa figo akiitwa, hutoa ushauri juu ya kiungo chake, na hospitalisti hukusanya ushauri wote na kuufanya uwe mpango mmoja. Hapo ndipo ujuzi wake unapoonekana. Chukulia mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu, miguu imevimba. Bingwa wa moyo anataka dawa ya kukojoza iongezwe maji yatoke. Bingwa wa figo anaona kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, inapanda na anataka dawa hiyo ipunguzwe. Kila mmoja ana hoja. Anayetakiwa kumpima mgonjwa uzito kila asubuhi, kuangalia mishipa ya shingo, kusikiliza mapafu, kisha kuamua dozi ya leo na kuwaeleza wote wawili sababu, ni hospitalisti. Mkisikia maneno yanayopingana kutoka kwa mabingwa wawili, msiwapatanishe wenyewe. Mrudieni yeye, mwulizeni: "Kati ya haya mawili, tunafuata lipi, na kwa nini?"

Mamlaka hayo yana mpaka. Mgonjwa mwenye uwezo wa kuelewa ndiye anayekubali au kukataa matibabu. Akichanganyikiwa kama baba sasa, husemewa na aliyemteua au anayetambuliwa na sheria ya mahali mlipo. Chagueni msemaji mmoja katika familia na jina lake na simu yake viandikwe kwenye faili. Watoto wanne wakipiga simu kwa zamu, daktari hurudia maelezo mara nne, na katika kurudia huko maneno hubadilika kidogo kidogo hadi nyumbani mnagombana. Akiulizwa msemaji huyo baba angependa nini endapo moyo utasimama, msiogope kwamba hospitali imekata tamaa. Ni swali linalopaswa kuulizwa mapema kwa kila mgonjwa mzito, kabla ya usiku wa dharura.

Siku ya daktari huyu huanza saa 1 asubuhi hivi, kwa kupokea taarifa kutoka kwa aliyekesha. Anasoma namba za usiku: homa, mapigo, presha, oksijeni, mkojo, majibu ya maabara. Kisha anawaona waliozidiwa kwanza, halafu wale wanaoweza kwenda nyumbani, ndipo wengine. Mara nyingi ana wagonjwa 15 hadi 20. Pigeni hesabu: mkipata naye dakika kumi kitandani, mmepata fungu lenu. Zitumieni vizuri. Muulizeni msimamizi wa wodi raundi hupita saa ngapi, mmoja wenu awepo, na maswali matatu yawe yameandikwa kwenye karatasi. Mkikosa, ombeni simu ya alasiri, wakati majibu mengi ya vipimo yameshatoka.

Kitandani, zaidi ya kusikiliza mapafu, kuna mambo ambayo hospitalisti makini huyauliza kila siku bila kuchoka, na familia inaweza kuyauliza pia. La kwanza ni mpira wa mkojo. Mara nyingi huwekwa mapokezi wakati wa pilikapilika, kisha unasahaulika. Kila siku unayobaki, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, na kwa mzee aliyechanganyikiwa mpira huo ni kama kamba ya kumfunga kitandani. Kama baba anao, ulizeni: "Bado anauhitaji kwa sababu gani?" Jibu likiwa "ili tusimsumbue kwenda chooni", hiyo si sababu ya kutosha. Kanula nayo, ile sindano ya plastiki inayoachwa mshipani kwa ajili ya dripu: mahali pakiwa pamevimba, pamekuwa pekundu au panauma, itolewe.

Halafu damu kuganda. Mgonjwa aliyelala siku nyingi anaweza kupata bonge la damu mguuni linalokimbilia kwenye mapafu. Ndiyo maana wengi walio katika hatari huchomwa sindano ndogo tumboni, mfano enoksaparini miligramu 40 mara moja kwa siku, au heparini yuniti 5,000 mara mbili hadi tatu kwa siku. Figo zikiwa dhaifu dozi hubadilika, na mwenye hatari ya kutokwa damu hapewi. Sindano hiyo haichukui nafasi ya miguu. Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku kumi kwa makusudi walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na nimonia. Kwa hiyo kumwinua baba akae kitini, atembee hadi mlangoni akishikiliwa, hata kama ana dripu, ni matibabu sawasawa na kidonge. Akiruhusiwa kuinuka na hakuna wa kumwinua, ninyi jifunzeni kwa nesi namna ya kumshika.

Antibayotiki ya mshipani nayo haitakiwi kuendelea kwa mazoea. Mgonjwa wa nimonia anayemeza vizuri, homa imekwisha, mapigo na presha vimetulia, anaweza kuhamishiwa vidonge. Nimonia ya kawaida inayoitikia dawa mara nyingi hutibiwa siku tano hivi kwa jumla. Mstari wa kumpeleka nyumbani una alama zake: joto lisizidi 37.8, mapigo yasizidi 100 kwa dakika, pumzi zisizidi 24, namba ya juu ya presha isishuke chini ya 90, oksijeni isiwe chini ya asilimia 90 bila msaada au irudi alipokuwa kabla ya kuugua, anakula, na akili imerudi kama kawaida yake. Hilo la mwisho linamzuia baba leo.

Mmeuliza kuhusu dawa za nyumbani kusimamishwa. Kwa mgonjwa kama baba, mara nyingi ni uamuzi sahihi. Metfomini, dawa ya kisukari, husimamishwa mtu akiwa na maambukizi makali, kwa sababu figo zikidhoofika au oksijeni ikishuka, asidi inaweza kujikusanya kwenye damu. Badala yake hupewa insulini, na lengo wodini mara nyingi huwa sukari ikae kati ya miligramu 140 na 180 kwa desilita, yaani milimoli 7.8 hadi 10 kwa lita, si chini sana ya hapo, maana mgonjwa asiyekula sawasawa sukari yake huweza kushuka ghafla. Dawa za presha husimamishwa kama maambukizi yameishusha presha yenyewe. Tatizo haliko kwenye kusimamisha. Liko kwenye kusahau kurudisha. Mzee anarudi nyumbani bila metfomini, wala hakuna aliyeandika airudie lini, na baada ya wiki tatu sukari iko juu. Au kinyume chake: wodini amepewa dawa ya presha yenye jina moja, nyumbani anayo ileile yenye jina jingine la kibiashara, anameza zote mbili, anaanguka akienda chooni. Au dawa ya kupunguza asidi ya tumbo iliyoanzishwa kwa sababu ya siku tatu inaendelea miaka mitatu.

Njia ya kuzuia haya ni ya kikazi tu. Leo hii kusanyeni dawa zote za nyumbani, pamoja na zile za kununua bila cheti na mitishamba, mzitie kwenye mfuko, mzipeleke wodini. Msitegemee kumbukumbu. Daktari au mfamasia aandike kila moja: jina, miligramu, mara ngapi, na alimeza lini mara ya mwisho kweli, si lini alitakiwa kumeza. Kama baba alikuwa anaruka dawa, semeni. Aliyeandikiwa dozi kubwa kwa sababu "dawa haifanyi kazi", kumbe hakuwa anaimeza, akipewa dozi hiyo yote wodini anaweza kuporomoka presha siku ya kwanza.

Nije kwenye daktari kubadilika. Hospitalisti hufanya kazi kwa zamu. Wengi hufanya siku saba mfululizo, kisha wanapumzika saba. Usiku kuna mwingine anayeangalia wagonjwa wa wenzake watatu au zaidi. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mfumo huu, na sioni sababu ya kuuficha: ugonjwa wa baba ni mmoja, lakini habari zake zinapita mikono mingi, na kila mkono unaweza kudondosha kitu. Tafiti nyingi zilionyesha wagonjwa wa hospitalisti wanakaa hospitalini muda mfupi zaidi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya wazee wa Marekani ulikuta waliotibiwa wodini na daktari wao wa siku zote walikaa muda mrefu kidogo, ila wengi zaidi walirudi majumbani kwao, na vifo ndani ya siku 30 vilikuwa vichache. Haithibitishi kwamba hospitalisti anadhuru, maana huenda makundi hayo mawili yalitofautiana tangu mwanzo. Kwangu inaonyesha jinsi kumjua mtu kulivyo na uzito.

Makabidhiano mazuri hupunguza hasara hiyo. Mwaka 2014 hospitali tisa za watoto zilizofundisha madaktari wao makabidhiano ya utaratibu maalumu zilipunguza makosa ya kitabibu kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Utaratibu wenyewe ni huu: sema mgonjwa ana hali gani, eleza kisa chake kwa ufupi, taja kazi zilizobaki, taja nini kinaweza kutokea na kifanywe nini, kisha anayepokea arudie aliyosikia. Kwa baba, makabidhiano ya jioni ya leo yangeweza kusomeka hivi, baadhi ya namba na maelezo yakiwa ya mfano tu:

"Mzee wa miaka 74, nimonia pafu la kulia, kisukari, presha. Siku ya 5. Kifua kinaendelea vizuri, ila ana deliriamu tangu juzi. Kwa kawaida akili yake ni timamu. Oksijeni lita 2 kwa pua. Kazi: majibu ya potasiamu saa 4 usiku, ikiwa chini ya 3.5 aongezewe. Akihangaika, pima kwanza sukari, oksijeni na kibofu. Usimpe dawa ya usingizi. Oksijeni ikishuka chini ya 90 akiwa kwenye lita 4, njoo umwone mwenyewe na upige eksirei ya kifua."

Tazameni sentensi ya katikati: "kwa kawaida akili yake ni timamu". Bila hiyo, daktari wa usiku atasoma miaka 74 na kudhani ndivyo alivyo. Habari hiyo inatoka kwenu tu. Daktari mpya akiingia, msimlaumu kwa kutowajua. Mpeni sentensi tatu: baba alikuwaje kabla ya kuugua, nini kimebadilika tangu jana, na jana daktari aliahidi nini. Maswali makubwa ya mpango wa matibabu yawekeni mchana. Daktari wa usiku yupo kwa ajili ya anayezidiwa, na hapo msisite hata kidogo: pumzi zikienda mbio, midomo ikibadilika rangi, haamki mkimwita, au mkojo umekata, mwiteni nesi papo hapo na msiondoke kitandani hadi aje mtu.

Kilichobaki ni siku ya kuruhusiwa, na maandalizi yake yanapaswa kuanza sasa. Ulizeni leo: "Mnatarajia lini, na nini lazima kitimie kwanza?" Je, anaweza kupanda ngazi za nyumbani? Nani atampima sukari? Atahitaji oksijeni? Mambo haya yakiibuliwa asubuhi ya kuondoka, ama anabaki siku mbili bure, ama anaondoka bila kuwa tayari.

Karatasi ya kuruhusiwa isomeni pamoja na daktari au nesi kabla ya kuvaa viatu. Dawa ziwe mafungu matatu: za kuendelea, zilizobadilishwa dozi au mpya, na za kuacha, kila moja na sababu yake, na zilizosimamishwa ziandikwe zitarudi lini. Kiandikwe ni dalili zipi zimrudishe hospitali mara moja, na namba ya kupiga. Kisha mmoja wenu aeleze yote kwa maneno yake mwenyewe huku nesi anasikiliza. Mkikwama mahali, ndipo palipohitaji maelezo zaidi. Ulizeni pia majibu gani bado hayajatoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulikuta wagonjwa 4 hivi kati ya 10 waliruhusiwa huku vipimo vyao vingine vikiwa bado maabara. Jina la kipimo liandikwe, na jina la atakayekifuatilia.

Miadi na daktari wa kliniki iwe na tarehe na saa, ndani ya wiki moja hadi mbili. "Mtamwona baadaye" si miadi. Siku hiyo nendeni na ule mfuko wa dawa, karatasi ya kuruhusiwa na muhtasari wa matibabu, mmkabidhi daktari wake mkononi, hata kama mmeambiwa vilishatumwa.